Kichujio cha Mfukoni: Jinsi ya Kunywa Maji ya Mtoni Ukiwa Safarini kwa Miguu

Lita moja ya maji ni kilo moja mgongoni. Anayepanda mlima kutwa nzima anahitaji lita tatu au zaidi, na anayetoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu, akilala njiani, hawezi kubeba maji ya safari yote hata akiwa na mgongo wa punda. Akiwa na kichujio cha kukamua, kisichofika gramu 100, anakunywa mtoni mpaka ashibe, anajaza chupa moja na kuendelea na safari.

Watu wengi wakishakinunua hukiamini kupita kiasi. Kinafanya kazi moja vizuri sana, na kazi nyingine zote ni zako.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Ndani ya kichujio cha aina hii, mfano Sawyer Squeeze au Katadyn BeFree, mna mirija myembamba mno, imekunjwa na kubanwa ndani ya gamba la plastiki. Ni teknolojia iliyotokana na mashine za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Kuta za mirija hiyo zina vitundu vya mikroni 0.1, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Maji yanapenya, uchafu unabaki nje.

Kinachobaki nje ndicho hasa kinachoharibu matumbo ya wasafiri. Kimelea cha Giardia kina urefu wa mikroni 8 hadi 12. Cryptosporidium ina 4 hadi 6. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo wana unene wa nusu mikroni hivi, nao hawapiti. Virusi vinapita. Kile cha homa ya ini aina ya A kina takriban mikroni 0.03, kwa hiyo vitundu hivyo kwake ni mlango ulio wazi. Chochote kilichoyeyuka kinapita pia: chumvi, floraidi, dawa za shambani.

Ipo pia mirija ya kunyonyea, kama LifeStraw ya kwanza. Ni myepesi na bei yake nafuu, lakini inakulaza kifudifudi ukingoni mwa mto, na ukiondoka hapo huondoki na maji. Mimi nisingeinunua kwa safari ya kulala njiani.

Hatua ya 2: Kijaribu nyumbani

Kichujio kipya hupitisha maji polepole mpaka kilowe ndani. Pitisha lita mbili tatu za maji ya bomba na uyamwage. Kisha kifunge kwenye chupa utakazosafiri nazo. Sawyer imetengenezwa kwa mdomo wa milimita 28, ambao ni wa chupa nyingi za soda. Chupa nyingi za maji siku hizi zina mdomo mfupi, na kichujio kikifungwa hapo kinavuja pembeni. BeFree hutumia mfuko wake wenye mdomo mpana. Kama unakwenda Kilimanjaro, kumbuka hifadhi hairuhusu chupa za maji za kutumika mara moja. Beba mfuko wa kichujio na chupa ngumu.

Zungushia utepe mwekundu mfuko wa maji ya mtoni. Wenye utepe hauguswi na mdomo wa mtu yeyote, na maji yaliyochujwa hayaingii humo kamwe.

Hatua ya 3: Chagua maji

Hapa ndipo pa kutulia. Safari nyingi zinaharibika hapa, kwa sababu macho yanaangalia kama maji yanang'aa, na kung'aa si hoja.

Anza kwa kuangalia juu. Maji yanatoka wapi, na yamepita wapi kabla ya kukufikia? Kwenye msitu wa Magamba, kule Lushoto, kijito kinachotoka chini ya miti bila nyumba wala shamba juu yake ni maji mazuri kwa kichujio. Shuka kidogo hadi kwenye mabonde yanayolimwa kabichi, karoti na nyanya, na kijito hicho hicho kimeshapita kwenye mashamba yanayopigwa dawa. Kichujio hakitakusaidia hapo, na kuchemsha hakutakusaidia pia. Ukikutana na mzee njiani, msalimie na umuulize: "Shikamoo mzee. Huko juu kuna watu wanaishi? Nyie maji ya kunywa mnateka wapi?" Jibu la swali la pili lina thamani kuliko ramani. Mara nyingi utaonyeshwa chemchemi hatua mia mbili kutoka hapo, ambayo usingeiona peke yako.

Kuzunguka Mlima Meru shida ni nyingine. Mwamba wa volkano umeyajaza maji floraidi, na baadhi ya chemchemi na mito ya pale, ukiwemo Maji ya Chai, imezidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko ndiyo ushahidi. Siku mbili tatu hazibadilishi meno ya mtu mzima, lakini usidhani umeyasafisha maji hayo kwa kuyachuja. Kwenye maziwa ya Momela usichote kabisa.

Msimu wa mvua, mto ukiwa rangi ya matope, usiyakimbize maji hayo kwenye kichujio. Yaache kwenye sufuria usiku kucha, uchote ya juu taratibu. Ukiwa na haraka, koroga kwa chembe ya shabu, subiri matope yatuame, kisha pitisha ya juu kwenye kitambaa cha pamba. Matope ndiyo yanayoua vichujio kabla ya wakati.

Hatua ya 4: Chota bila kuingia majini

Kwenye vijito vya baridi vya mlimani kuingia majini si tatizo. Kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, mabwawa na mito inayokwenda polepole nyanda za chini, kichocho hakikusubiri unywe. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mguu katika dakika chache. Unaweza kuchuja kila tone na bado ukarudi nyumbani na kichocho kwa sababu ulivua viatu ukaingia hadi magotini kujaza mfuko. Simama pakavu, chota kwa kikombe chenye kamba.

Kikombe kinasaidia hata mlimani, kwa sababu mfuko laini haujai kwenye maji ya kina cha vidole viwili.

Hatua ya 5: Kamua, ukiangalia tone

Funga kichujio kwenye mfuko, hakikisha kimpira cha duara kimekaa mahali pake, geuza, kamua kwa kiganja. Kikiwa kipya, lita moja inatoka kwa dakika moja au mbili. Usikamue kwa hasira wala usiuviringe mfuko kama unakamua dawa ya meno; mifuko hupasuka shingoni, na ikipasukia porini huna pa kununua mwingine.

Sasa tazama shingo ya mfuko. Ulipouchovya mtoni, maji yalibaki kwa nje, kwenye mikunjo ya mdomo. Ukiugeuza, tone hilo linateremka juu ya gamba la kichujio, linafika kwenye mdomo wa kutolea maji na kudondokea kwenye chupa safi. Umechuja lita nzima, na tone moja limepita nje ya kichujio. Wengi wanaosema kichujio chao hakifanyi kazi waliugulia hapo, au kwenye mikono yao wenyewe. Kausha shingo kwa kitambaa kabla ya kugeuza, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mdomo wa chupa safi.

Hatua ya 6: Panapoishi watu, ongeza kidonge

Virusi vya kuharisha na homa ya ini hutoka kwa binadamu. Juu ya vijiji vyote, kuchuja tu kunatosha. Chini ya kijiji au chini ya kambi yenye vyoo vya shimo, chuja kwanza halafu tia dawa ya klorini, usubiri dakika 30. Usigeuze mpangilio, maana uchafu unakula klorini. Soma pakiti: vidonge vingi madukani ni vya ndoo ya lita 20, na kimoja kwenye chupa ya lita moja ni kingi mno.

Kama kuna moto jikoni, chemsha. Maji yakitokota dakika moja yanatosha. Juu ya mita 2,000 yape dakika tatu, kwa sababu huko yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Hatua ya 7: Kisukume kinyumenyume

Mkono ukianza kuchoka kukamua, kichujio kimeziba. Vuta maji safi kwenye bomba la sindano lililokuja nacho, liweke upande wa kutolea maji, sukuma kwa nguvu. Utaona maji ya kijivu yakitokea upande wa pili. Rudia mpaka yatoke meupe. Tumia maji yaliyochujwa tu. Ukisukuma ya mtoni kutoka upande huo, umeingiza uchafu pale pasipotakiwa kuwa na uchafu. BeFree haina sindano: unaijaza maji, unaitikisa na kumwaga.

Hatua ya 8: Usikiache kigande

Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na mirija inapasuka. Kichujio ambacho hakijawahi kulowa hakina hofu, ila kikishalowa mara moja hubaki na unyevu ndani daima. Kibaya zaidi, kilichopasuka kinapitisha maji vizuri kuliko kizima, kwa hiyo mwenyewe unafurahi.

Kuanzia kambi ya Shira kwenda juu Kilimanjaro, au kwenye kambi za Shipton's na Mackinder's kule Mlima Kenya, kifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na ulale nacho ndani ya slipingi begi. Usiku wa kwenda kileleni kiwe ndani ya koti, karibu na kifua. Wanaopita njia ya Machame hawakihitaji hata hivyo usiku huo: maji ya mwisho ni ya bonde la Karanga, na kwenye kambi ya Barafu hakuna kitu. Kinachonywewa pale kimebebwa na wapagazi, na mpishi amekichemsha.

Unaweza kukijaribu kwa kukipuliza kikiwa kimelowa. Hewa haipaswi kupita kirahisi, ikipita, kimepasuka. Jaribio hilo linaonyesha mpasuko mkubwa tu. Kama kililala nje kwenye baridi kali na una shaka, kitupe.

Hatua ya 9: Ukirudi nyumbani

Kisukume kwa sindano mpaka maji yatoke meupe, pitisha maji yenye kifuniko kimoja cha dawa ya kufulia ya klorini isiyo na manukato kwa lita, kung'uta, kiache wazi kivulini kikauke. Kikikaa miezi kabatini huenda kikagoma kupitisha maji. Kiloweke kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto, kisha sindano tena. Kama maji ya kwenu yana chokaa, kiloweke nusu saa kwenye siki nyeupe, kisha kisafishe mpaka harufu ya siki iishe.