Uzingativu na Mihemko Mizito: Taamuli ya Kibuddha katika Maisha ya Kila Siku

1.0 Utangulizi

Waswahili, kama zilivyo jamii nyingine, wana hazina kubwa ya hekima kuhusu mihemko inayomsumbua binadamu. Methali isemayo "Hasira hasara" humwonya mtu juu ya matokeo ya ghadhabu, na ile isemayo "Mficha maradhi kifo humuumbua" humwonya anayeficha linalomsibu. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja huzua swali gumu. Iwapo kuidhihirisha hasira ni hasara, na kuificha ni hatari, mwenye hasira aifanyeje? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba ajikaze, yaani ameze uchungu na kuendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna lililotokea.

Makala haya yanachunguza jibu jingine, lile linalotolewa na mapokeo ya taamuli ya Kibuddha, hususan ya madhehebu ya Theravada. Lengo si kumshawishi msomaji abadili imani yake, bali ni kueleza namna mapokeo hayo yanavyoishughulikia mihemko mizito na kuonyesha jinsi Kiswahili kinavyoweza kuyabeba maelezo hayo bila kuyapotosha. Hoja ya msingi ni kwamba taamuli hii haimfundishi mtu kuumeza mhemko wala kuutapika, bali kuujua.

2.0 Chimbuko la Taamuli Hii

Maandiko ya Theravada yamehifadhiwa katika lugha ya Kipali. Msingi wa taamuli ya uzingativu umo katika hotuba iitwayo Satipatthana Sutta, ambayo ni ya 10 katika mkusanyo wa Majjhima Nikaya. Hotuba hiyo inataja nyanja nne za kuzingatiwa: mwili, hisi, hali za akili, na mambo yanayofundishwa katika mafundisho yenyewe, yakiwamo yale yanayoizuia akili na yale yanayoikomaza.

Uwanja wa tatu ndio unaohusu zaidi mada hii. Humo mtawa anafundishwa kwamba akili yake ikiwa na chuki, ajue kuwa ina chuki, na isipokuwa nayo, ajue kuwa haina. Jambo la kutiliwa mkazo ni kitenzi kinachotumika, ambacho ni kujua. Mahali hapo mtawa haambiwi aifukuze chuki, aionee haya, wala kuitafutia sababu ya kuihalalisha.

Kwa karne nyingi taamuli ya kina ilikuwa zaidi shughuli ya watawa, na hata miongoni mwao si wote walioifanya. Mabadiliko makubwa yalitokea Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Baada ya Waingereza kuiteka Burma ya Juu mwaka 1885, mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) alijitahidi kuwafikishia watu wa kawaida elimu iliyokuwa mikononi mwa watawa. Baadaye Mahasi Sayadaw (1904–1982), aliyeanza kufundisha Rangoon mwaka 1949, alieneza utaratibu ambao wakulima, makarani na akina mama wa nyumbani waliweza kujifunza kwa majuma machache na kisha kuuendeleza makwao. Afrika Mashariki nayo haikuwa mbali kabisa na mapokeo haya, kwani jijini Dar es Salaam, eneo la Upanga, lipo hekalu la Kibuddha lililoasisiwa na wahamiaji wa Kisinhala kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo.

3.0 Suala la Istilahi

Anayetaka kuyaeleza mafundisho haya kwa Kiswahili hukabiliwa mapema na tatizo la istilahi. Yapo maneno matatu yanayohitaji uangalifu wa pekee.

Neno la kwanza ni sati. Kiasili neno hili lina uhusiano na dhana ya kukumbuka, lakini tafsiri ya "kumbukumbu" ingempeleka msomaji kwenye mambo yaliyopita, ilhali sati hushughulika na linalotokea sasa. "Uangalifu" nao huashiria tahadhari. Neno "uzingativu" linafaa zaidi, kwa kuwa kuzingatia ni kuliweka jambo moyoni bila kuliacha liponyoke.

Neno la pili ni vedana. Baadhi ya wafasiri hulifananisha na mhemko, na hapo ndipo makosa huanzia. Vedana ni ile ladha ya kwanza ya tukio, nayo ni ya aina tatu: yenye kupendeza, yenye kuumiza, na isiyokuwa hivi wala vile. Makala haya yanaiita "hisi". Mhemko, kama vile hasira au wivu, huja baada ya hisi, akili inapoanza kuivuta au kuisukuma. Tofauti hii si ya kinadharia tu, kwani katika pengo lililopo kati ya hisi na mhemko ndimo taamuli inamofanyia kazi.

Neno la tatu ni dosa, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa chuki. Katika uchambuzi wa Abhidhamma, hata hivyo, dosa ni mzizi wa kila hali ya akili inayokikataa kitu. Husuda (issa), uchoyo (macchariya) na majuto (kukkucca) vyote huota katika mzizi huo. Msomaji wa Kiswahili anaweza kushangaa kuyaona majuto hapo, maana jamii huyahesabu kuwa dalili ya uungwana. Mapokeo haya hutenganisha majuto na haya (hiri). Haya humzuia mtu asitende ovu na huhesabiwa kuwa jema. Majuto hurudia bila kikomo ovu lililokwisha kutendwa, na ni miongoni mwa vizuizi vitano vya akili.

4.0 Hatua za Kuishughulikia Hasira

Ili maelezo yasibaki hewani, uchukuliwe mfano wa mwalimu anayekemewa na mkuu wake mbele ya wanafunzi. Anarudi nyumbani jioni akiwa kimya, na mtoto anapomwaga chai mkekani, yeye anafoka kuliko kosa lenyewe linavyostahili. Je, uzingativu ungeingia wapi?

4.1 Kuitaja. Katika utaratibu wa Mahasi, mtu hufuata kupanda na kushuka kwa tumbo anapopumua, na jambo jingine linapojitokeza hulitaja moyoni kwa neno fupi. Hapa sarufi ya Kiswahili ina la kufundisha. Asemaye "nimekasirika" huielezea nafsi yake yote kuwa imeingia katika hali hiyo. Asemaye "nina hasira" tayari ametaja vitu viwili, yaani mtu na hasira aliyo nayo. Asemaye "hasira, hasira" ametaja linalotokea tu, bila mwenyewe. Mwalimu wa taamuli angependelea kauli hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na tukio lenyewe kabla halijaambatanishwa na kisa.

4.2 Kuihisi mwilini. Kiswahili husema damu inamchemka mtu, moyo unamwenda mbio, kifua kimembana. Maneno hayo huchukuliwa kuwa ni tamathali, lakini kwa anayefanya taamuli ni maelekezo. Mwalimu wetu, akiwa njiani kurudi nyumbani, angepeleka uzingativu kifuani na kuona joto linapoanzia, linapozidi na linapopungua. Kisa cha kukemewa hakina mwisho, kwani kila mara hupatikana jibu jipya ambalo angelimjibu mkuu wake. Joto la kifuani lina mwisho, na anayelitazama huuona.

4.3 Kuchunguza kinachoilisha. Hotuba iitwayo Sallatha Sutta, katika Samyutta Nikaya, hutoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa mshale wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni kule kuyalalamikia na kuyapinga. Kukemewa hadharani ni mshale wa kwanza, na mwalimu hakuwa na uwezo wa kuukwepa. Mshale wa pili ni masaa aliyoyatumia kujirudishia maneno yale. Mtoto aliyemwaga chai alichomwa na mshale wa tatu, ambao haukumhusu hata kidogo.

4.4 Kuchagua tendo. Baada ya kuijua hasira, bado mtu anapaswa kutenda. Vitakkasanthana Sutta, hotuba ya 20 ya Majjhima Nikaya, hutaja njia tano za kukabili mawazo mabaya: kuweka wazo jingine mahali pake, kama seremala ang'oavyo kigingi kikubwa kwa kigingi chembamba, kuitafakari hatari ya wazo hilo, kutolijali, kuzituliza taratibu chemchemi zake, na mwisho kabisa, kuuma meno na kulikandamiza. Mpangilio huu una maana kubwa. Kujikaza hakukukataliwa, bali kumewekwa kuwa njia ya tano, ya kutumiwa nyingine nne zinaposhindwa. Hapo ndipo mapokeo haya yanapoachana na ushauri wa mitaani, unaoanza na kuishia na njia hiyo moja.

5.0 Huzuni na Msiba

Si kila mhemko mzito hutokana na kukosewa. Masimulizi ya ufafanuzi wa maandiko ya Kipali yanamtaja Kisagotami, mama aliyefiwa na mwanawe mdogo, akazunguka na maiti akiomba dawa. Buddha hakumwambia anyamaze. Alimtuma akalete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo haijapata kufiwa. Mama alibisha hodi mlango hadi mlango. Haradali ilikuwapo kila nyumba, lakini nyumba isiyofiwa haikuwapo.

Kisa hiki huelezwa mara nyingi kama funzo kwamba kifo hakikwepeki. Hata hivyo, lipo funzo la pili katika namna alivyofundishwa. Mama huyo hakupewa hoja. Alipewa safari, na katika safari hiyo aliwasikiliza waliofiwa kabla yake. Huzuni yake haikukanushwa bali ilipewa wenziwe. Kwa mtu anayekijua kilio cha Uswahilini, ambako majirani hukaa matanga na mfiwa, funzo hili si geni.

6.0 Mipaka na Tahadhari

Kuna hatari mbili za kuepukwa. Ya kwanza ni kuigeuza kauli kuwa kisingizio. Asemaye "hasira zilinipanda" baada ya kumpiga mwenziwe huifanya hasira kuwa mtenda na kujivua lawama. Mafundisho ya Kibuddha hayamruhusu, kwani ndani yake nia (cetana) ndiyo inayolifanya tendo kuwa tendo la mtu. Hasira kumjia mtu si uchaguzi wake, lakini kuinua mkono ni uchaguzi wake.

Hatari ya pili ni kuwafundisha wanyonge utulivu ili wasidai haki. Uzingativu haumwambii mwalimu kwamba mkuu wake alitenda sawa, wala haumzuii kwenda kumweleza siku ya pili, kwa sauti ya kawaida, kuwa kukemewa mbele ya wanafunzi hakukubaliki. Vilevile, taamuli si badala ya tiba. Mtu ambaye huzuni imemnyima usingizi na chakula kwa muda mrefu, au anayefikiria kujidhuru, anahitaji daktari na watu wa karibu naye.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba taamuli ya Kibuddha huukabili mhemko mzito kwa kuutaja, kuuhisi mwilini, kuchunguza kinachoulisha na kisha kuchagua tendo. Imeonekana pia kuwa Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kueleza hatua hizo, mradi hisi isichanganywe na mhemko, wala uzingativu na kujikaza. Swali lililoulizwa mwanzoni, la mtu aliye kati ya hasara ya kufoka na hatari ya kuficha, linapata jibu la kadiri. Maradhi hayafichwi, lakini si lazima yatangazwe barazani. Kwanza hutazamwa na mgonjwa mwenyewe. Mwalimu wa mfano wetu akiweza kufanya hivyo kwa mwendo wa kutoka shuleni hadi mlangoni pake, chai itamwagika kama kawaida, na mtoto ataelekezwa alipo mfagio na kitambaa.