Mtaro wa Mtaa na Namba ya Bajeti

Mkazi wa Kayole au Umoja akiomba mtaro wa maji ya mvua, ombi lake hupitia hatua kadhaa kabla mkandarasi hajafika. Hatua moja haionekani mtaani: kuingizwa katika IFMIS, mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha za umma unaotumiwa na kaunti tangu 2013.

Ndani ya mfumo huo, kila fungu la matumizi lina namba yake na kiasi kilichoidhinishwa. Afisa akitaka kununua au kulipa, mfumo hulinganisha ombi na salio la fungu hilo. Pasipo fedha zilizotengwa, ombi hukwama. Hata zikitengwa, Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe zitolewe.

Mfumo haujui shida ya mtaa, hujua kilichoandikwa. Ndiyo maana tarehe ni muhimu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

Mkazi anayengoja Julai amechelewa. Atategemea bajeti ya nyongeza au mwaka ujao. Anayehudhuria kikao cha wadi mapema, kisha akasoma makadirio kuona kama mtaro umetajwa pamoja na wadi na kiasi chake, bado ana nafasi ya kuuliza kabla bajeti haijapitishwa.