Dawa za Kusafishia Gari: Anza na Uchafu wa Bukoba

Gari langu la kwanza lilikuwa IST, nalo lilifika kutoka Japani likiwa bado linang'aa. Nililiosha kwa sabuni ya unga na dodoki gumu, kila Jumamosi, kwa moyo wote. Baada ya miezi sita boneti ilikuwa imejaa mikwaruzo ya duara kama sufuria kuukuu. Nikaona kosa ni uchache wa dawa. Nikaenda duka la spea nikanunua chupa tisa, na tano kati ya hizo sijazimaliza mpaka leo. Mwongozo huu ni wa kukuepusha na zile tano.

Hatua ya 1: Zunguka gari kabla ya kwenda dukani

Gari la Bukoba halichafuki kama la Dodoma. Mji wetu unapata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo tatizo letu kubwa ni tope. Acha lami ya kwenda Muleba, uingie barabara yoyote ya kijijini baada ya mvua, uone udongo mwekundu unavyojaa chini ya milango na ndani ya matao ya magurudumu. Ukikauka, unabaki na chembe za mchanga zinazokwaruza rangi kila unapozisugua.

Halafu wadudu. Kuna wale wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi, na kuna msimu wa senene. Senene aliyegonga bampa ni hasara mara mbili: umekosa kitoweo, na akikaukia juani mabaki yake yanaila rangi. Mwisho fungua buti. Kama umewahi kubeba mikungu ya ndizi kutoka kibanjani, utakuta madoa meusi ya utomvu, na pengine harufu ya dumu la rubisi lililovuja.

Andika ulichokiona. Hiyo ndiyo orodha ya manunuzi.

Hatua ya 2: Ndoo mbili, vitambaa, shampuu ya gari

Fedha ya kwanza iende hapa, hata kama huna ya kununulia kingine. Ndoo moja iwe ya maji yenye shampuu, ya pili ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kwa ndoo moja unachota mchanga uliotoka mlangoni na kuupaka kwenye boneti. Mimi nilifanya hivyo miezi sita.

Vitambaa viwe vya mikrofaiba, vinne au zaidi, vyenye rangi tofauti: cha bodi kisiguse rimu, na cha ndani kisitoke nje. Dukani kipitishe kwenye kiganja; kizuri hunasanasa kwenye ngozi kavu. Kata kile kibandiko cha pembeni, maana nacho hukwaruza.

Shampuu ichaguliwe kwa maandishi ya chupa. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya magari na haiondoi nta. Sabuni ya unga imetengenezwa ikate mafuta kwenye nguo, na kwenye gari inakata kinga yote ya rangi. Ya vyombo hali kadhalika. Zipo pia shampuu za kupimiwa, zinazouzwa katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa. Huenda nyingine ni nzuri, ila chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala kipimo cha kuchanganyia, mimi siigusi. Umimine kiasi kilichoandikwa. Povu jingi linafurahisha macho, na linakula maji mengi ya kusuuza.

Kwa wadudu huhitaji dawa maalumu. Loweka kitambaa kwenye maji ya shampuu, kilaze juu ya bampa dakika kumi, kisha futa taratibu.

Hatua ya 3: Tofautisha nta na polishi

Hapa ndipo wengi wanapotapeliwa, mara nyingine na muuzaji ambaye naye hajui. Madukani karibu kila kitu cha kung'arishia kinaitwa polishi. Polishi yenyewe ina chembe za kusaga. Inapunguza tabaka la juu la rangi ili mikwaruzo isionekane. Ukiipiga kila mwezi, siku moja utakuta umeimaliza rangi. Nta haisagi kitu. Inakaa juu ya rangi na kuzuia maji na uchafu visishike.

Kama muuzaji anaruhusu, weka tone kati ya vidole viwili usugue: ukihisi chembe kama za dawa ya meno, hiyo inasaga. Usipohisi kitu bado soma kibandiko, kwa sababu zipo zenye chembe laini mno. Anayeanza anunue nta, polishi amwachie fundi.

Nta ipakwe kidogo, kivulini, kwenye bodi iliyooshwa na kukauka, kisha ifutwe kwa kitambaa kisafi. Utajua imekwisha mvua itakaponyesha: maji yakiacha kujikusanya matone na kuanza kutanda, paka tena. Kwa mvua zetu, jaribio hilo utalifanyiwa bure.

Hatua ya 4: Ndani, na ule utomvu

Utomvu wa ndizi ukitoka ni kama maji tu, ndiyo maana watu wanaudharau. Ukipata hewa unageuka kahawia, kisha mweusi, na kwenye kitambaa cha siti hapo vita imekwisha. Hakuna chupa niliyoiona ikiushinda kabisa. Nunua turubai la kutandika kwenye buti. Ni kifaa cha usafi kuliko dawa zote nilizotaja. Kwenye plastiki, paka mafuta kidogo ya kupikia kama unavyofanya mkononi baada ya kumenya ndizi, kisha osha kwa maji ya shampuu.

Dawa ya dashibodi ichague isiyoacha mafuta. Ile inayong'aa sana hunasa vumbi, na mchana inakurudishia mwanga kwenye kioo cha mbele ukiwa barabarani. Kwa vioo vyenye tinti epuka dawa yenye amonia, inaharibu karatasi ya tinti. Mazulia yaanikwe mpaka yakauke kabisa kabla ya kurudishwa, la sivyo koga itakutangulia kuingia garini.

Hatua ya 5: Vya kuacha kwa sasa

Dawa ya kung'arisha tairi, mashine ya kupigia polishi, manukato matano ya kuning'iniza. Na kuosha injini kwa mafuta ya taa: yanashika moto, na yanaharibu mipira.

Hatua ya 6: Chagua mahali pa kuoshea

Osha kivulini, mbali na ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto dhidi ya shughuli zinazoweza kuyadhuru maji. Kuingiza gari mpaka magurudumu yaloe kwenye Ziwa Victoria, au kuliegesha kando ya Mto Kanoni na kuchota kwa ndoo, kunaangukia humo. Kwa nyumbani, simamisha gari kwenye nyasi ili maji yanywewe na ardhi, na mabaki ya dawa usiyamwage mtaroni. Mitaro ya mji inashuka ziwani, na maji ya bomba ya Bukoba yanavutwa kutoka ziwa hilohilo.