Achana na Upanga Kwanza: Namna ya Kutazama Tamthilia za Wafalme wa Korea

Wengi wetu tuliingia kwenye tamthilia za kale za Kikorea kwa mlango wa Jumong, na mlango ule una farasi, mishale na steringi asiyekufa. Raha yake haina ubishi. Tatizo linakuja mtu anapohamia zile za ikulu ya Joseon, ukoo uliotawala Korea tangu 1392, halafu akakaa kusubiri vita. Atasubiri sana. Watu wanaketi, wanainamiana, wanakunja uso, na sehemu imekwisha. Anazima king'amuzi akilalamika kwamba hamna kitu, kumbe dakika kumi zilizopita mtu kaangamizwa mbele ya macho yake na yeye hakuona.

Anza na mavazi. Kwenye baraza la mfalme, joho jekundu ni la vigogo, la buluu ni la maofisa wa kati, la kijani ni la wa ngazi za chini. Mfalme naye huvaa jekundu, ila lake lina joka la dhahabu kifuani na mabegani. Ukishayashika hayo, huhitaji kuambiwa nani kapanda cheo: jana alisimama nyuma na kijani chake, leo kaingia na buluu, na waliokuwa wakimpita kama hawamwoni wanampisha njia. Nywele nazo zinasema. Msichana mwenye msuko mmoja mrefu mgongoni hajaolewa. Akiolewa nywele zinafungwa kisogoni na kuchomekwa kijiti. Mwanamume akioa, msuko unakuwa fundo la utosini, na mtu wa ukoo bora huvaa juu yake ile kofia nyeusi ya singa za farasi.

Kisha sikiliza watu wanavyoitana, na hapa ndipo ninapokosana na wapenzi wa sizoni zilizotafsiriwa. Watafsiri wetu ni mafundi. Kwenye mapigano wanakuchekesha mpaka machozi. Lakini sauti yao inafunika nusu ya mchezo. Mfalme wa Joseon huitwa "Jeonha", na Kikorea hubadili hata mwisho wa kitenzi kulingana na heshima ya anayeambiwa. Siku suria anapomjibu malkia kwa lugha ya watu wa rika moja, hapo vita vimetangazwa, na wajakazi wote chumbani wanainamisha vichwa. Mtafsiri atakwambia tu kwamba "wamegombana". Kwa hiyo zile za ikuluni zitazame kwa sauti yake ya asili, maandishi yakipita chini, hata kama mwanzoni macho yatachoka.

Ya kuanzia? Mimi humpa kila mtu Dae Jang Geum, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha MBC mwaka 2003 hadi 2004, sehemu 54. Usiiharakishe. Mapema kuna kisa cha maji ambacho ndicho kipimo changu: kikikugusa, umeshanasa. Jang Geum, angali mtoto, amepelekwa jikoni kwa mfalme. Mlezi wake, Bibi Han, anamwagiza maji ya kunywa. Analeta, yanakataliwa. Analeta tena, yanakataliwa, wala haelezwi kosa ni nini. Mwishowe mtoto anaacha kukimbilia maji, anauliza: tumbo linauma? Umepata choo leo? Koo je? Bibi Han anasema koo linamuuma kidogo. Mtoto anakwenda kuleta maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na kumsihi ayanywe taratibu. Basi, ndiyo hivyo tu. Msichana huyo baadaye atakuwa mganga wa mfalme, na uganga wake wote umeanzia kwenye maswali yale.

Sasa, yapi ni ya kweli? Swali hili litakusumbua, na ni sehemu ya utamu. Joseon ilikuwa na waandishi wa kumbukumbu waliomfuata mfalme kila aendako, na mfalme hakuruhusiwa kusoma waliyoyaandika. Mwaka 1404 Mfalme Taejong alianguka kutoka kwenye farasi akiwinda, akainuka na kuagiza mwandishi asijulishwe. Mwandishi akaandika kwamba mfalme alianguka, na kwamba alitaka asijulishwe. Ndani ya kumbukumbu hizo Jang Geum yumo kweli, mganga wa kike wa Mfalme Jungjong, lakini kwa mistari michache iliyotawanyika. Mahaba na fitina za jikoni ni kazi ya waandishi wa tamthilia. Ukirudi nyuma zaidi, ubunifu unazidi. Goguryeo, ufalme wa Jumong, unasemekana kuasisiwa mwaka 37 KK, wakati kitabu cha historia cha Samguk Sagi kilikamilika 1145, na humo Jumong alizaliwa kutoka kwenye yai. Yai lenyewe watu wa televisheni wamelitoa.

Kuna njia ya kujua mapema mwisho wa mfalme, kama hujali kuharibiwa uhondo. Majina ya wafalme wa Joseon yanayoishia na -jo au -jong yalitolewa baada ya wao kufa. Wawili walioondolewa kwa nguvu wamebaki na -gun, jina la mwana wa mfalme tu: Yeonsangun, aliyepinduliwa 1506, na Gwanghaegun, 1623. Ukiona mojawapo ya majina hayo kwenye kiti cha enzi, usimpende sana.

Ukishazoea, acha kuruka huku na kule. Fuata familia moja. Dong Yi ya 2010, sehemu 60, ni ya mjakazi aliyekuja kuwa suria wa Mfalme Sukjong. Hasimu wa mjakazi huyo, Jang Hui-bin, aliuawa kwa sumu mwaka 1701, na kwa watu wa hadhi yake bakuli la sumu lilihesabiwa kuwa huruma, maana mwili ulizikwa ukiwa mzima. Kwenye tamthilia hiyo utamwona mwana wa Dong Yi, mtoto mchangamfu mwenye akili. Ikariri sura yake, kisha fungua The Red Sleeve ya 2021, sehemu 17. Mfalme mzee anayemkumbatia mjukuu wake asubuhi na kumtisha jioni ndiye mtoto yule, Yeongjo. Kati ya visa vya tamthilia hizo mbili, mwaka 1762, alimfungia mwanawe Sado ndani ya kasha la mchele, naye akafia humo baada ya siku nane. Mjukuu ni mtoto wa Sado. Yi San ya 2007 nayo inasimulia maisha ya mjukuu huyo, lakini ina sehemu 77. Hiyo iweke hadi likizo, na bando uwe nalo la kutosha.