SOMO LA KIKUNDI: MFUNGO USIISHIE TUMBONI

Lengo: Kuona vile kufunga na kuomba kunavyoweza kuamsha kazi iliyopoa, bila kudhuru mwili.
Someni kwanza: Isaya 58, Mathayo 6:16-18.

Ndugu na dada wa vikundi, hapa Ikonge na pande zote za Kisii na Nyamira tunajua vile kikundi hupoa. Kwanza mmoja anachelewa mkutanoni. Kisha mchango haufiki. Halafu shamba la pamoja linaota nyasi, na watu wananong'ona juu ya mweka hazina. Mwishowe mtu anasema, "Basi tufunge, tuombe." Ni neno zuri. Lakini tufunge namna gani? Hebu tuangalie familia moja iliyopitia hayo ikiwa ugenini.

FAMILIA YA KIGOZI HUKO GAHINI

Blasio Kigozi alikuwa Mganda. Mwaka 1929 alitoka kwao Uganda akaenda Gahini, Rwanda, karibu na ziwa Muhazi, kufundisha katika misheni ya Anglikana. Mkewe aliitwa Katharine. Ilikuwa nchi ngeni na lugha ngeni, tena watu walikuwa wameumizwa na njaa kubwa ya 1928 na 1929.

Miaka ikapita. Kigozi akaona kazi imekuwa baridi: watu wanasoma, wanabatizwa, lakini maisha hayageuki. Basi mwaka 1935 alijitenga kama wiki moja katika nyumba ndogo, akafunga na kuomba. Hakuanza na makosa ya wenzake. Alitafuta kwanza upungufu wake mwenyewe.

Alipotoka alifundisha kwa nguvu mpya. Januari 1936 alikwenda Uganda akiwa na maswali kwa mkutano mkuu wa kanisa: Kwa nini kanisa limepoa? Kwa nini watu wanaoishi wazi katika dhambi wanaruhusiwa kwenye Meza ya Bwana? Tufanye nini ili tuamke? Huko akashikwa na homa ya papasi, akafa mwezi huo huo.

Lakini kazi haikufa. Uamsho ulienea Rwanda na Uganda, na mwaka 1937 ndugu kutoka Gahini walifika Kabete, hapa kwetu Kenya. Mahali pengi watu waliungama waziwazi, wakarudisha vitu vya wizi na kulipa madeni.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Anza na wewe. Kikundi kikifunga, mweka hazina afungue daftari mbele ya wote. Asiyelipa aseme kwa nini. Aliyekopa jembe la jirani alirudishe kabla ya kusema "Amina".

2. Mfungo ugawe chakula. Isaya anafundisha kwamba mfungo anaoupenda Mungu unamfikia mwenye njaa na aliyeonewa. Nyumba kumi zikiacha gorogoro moja moja ya mahindi, hizo ni gorogoro kumi kwa mjane au yatima. Chakula kikiachwa leo ili kiliwe maradufu kesho, tumefanya nini?

3. Linda mwili. Mtu wa maombi pia hupata homa, kama tulivyoona. Kuomba hakukatazi hospitali. Mama mjamzito au anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, mwenye ugonjwa wa sukari, na anayemeza dawa za TB au za virusi vya UKIMWI, wasiache chakula, na dawa zisiachwe hata siku moja. Hao wanaweza kufunga masengenyo au redio, wakaomba pamoja na wengine. Anayefunga anywe maji ya kutosha, asichague siku ya kuchuma majani chai juani kutwa nzima. Akisikia kizunguzungu, ale. Jioni afungue kwa uji mwepesi.

4. Nyumba ikubaliane. Paulo anawataka mume na mke wapatane kabla ya kujitenga kwa maombi (1 Wakorintho 7:5). Baba asitangaze mfungo halafu mama abaki peke yake na kuni, maji na watoto. Wenye watoto walio mbali, Nairobi au hata Minnesota, wapange siku moja nao, waombeane, waulizane hali kwa simu. Ugenini kuna upweke ambao pesa wanazotuma haziuonyeshi.

MASWALI YA MAJADILIANO

(a) Kikundi chetu kimepoa wapi? Kila mtu ajibu juu yake mwenyewe kwanza.
(b) Ni deni gani, au ugomvi gani, tunaoficha nyuma ya maombi?
(c) Nani hapa kijijini atakula kwa sababu sisi tumefunga?
(d) Nani kati yetu asifunge chakula, na tutamsaidiaje asione haya?

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni siku moja na mtu mmoja wa kupokea nafaka. Katibu aandike kilichokusanywa na aliyekipeleka. Mkutano ujao asome taarifa hiyo kabla ya sala ya kufungua.