Jino Lililovunjika Hujengwa, Halichongwi

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni juu ya meno yaliyovunjika, na viraka ambavyo madaktari huyatilia. Huenda mtu akauliza: meno yana nini na darasa letu? Na aketi na mwalimu wa tajwidi apate jawabu. Herufi za thaa, dhaal na dhaa hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno mawili ya mbele ya juu, na faa hutoka pale ncha za meno hayohayo zinapogusa mdomo wa chini kwa ndani. Mwanafunzi ambaye meno hayo yamevunjika hupata taabu kuzitoa herufi hizi kama ipasavyo, hata akijua kanuni zake zote. Basi jino si pambo tu. Ni chombo cha kula, cha kusema na cha kusoma, na chombo kikiharibika ni wajibu kutazamwa.

Mfano wetu tutauchukua Kambu, mji mdogo wa Makueni ulio kwenye njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, baina ya Mtito Andei na Kibwezi. Wengi wetu tumepita hapo safarini. Hiyo ni nchi ya Wakamba, na hapo kale ilikuwa ada ya Wakamba kuyachonga meno ya mbele yakawa na ncha kali. Msomi wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, aliiandika ada hiyo katika kitabu chake juu ya Wakamba. Fundi alitumia chuma kidogo, akakigonga taratibu, na jino likatoka vipande vipande mpaka likapata umbo lililotakiwa. Kwao ulikuwa uzuri. Leo ada hiyo imeachwa.

Hatuyataji haya ili kuwacheka jirani zetu, maana na kwetu pwani wako waliolivika jino zima dhahabu ili lionekane wanapocheka, na wako vijana wanaolipa fedha ili wachongwe mwanya ambao Mwenyezi Mungu hakuwapa. Tumeyataja kwa sababu ya funzo moja kubwa lililomo: jino likipunguzwa halirudi.

Yapasa tujue sababu yake. Jino lina tabaka tatu. Ya nje ni gamba jeupe, nalo ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, kwani sehemu 96 katika 100 za uzito wake ni madini. Chini yake liko tabaka la manjano, laini kidogo kuliko gamba, lenye vijitundu vyembamba mno vinavyopokea baridi na moto. Ndani kabisa mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na hicho ndicho uhai wa jino. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikichanika hufunga, kwa kuwa ndani yake mna chembe hai za kutengeneza. Amma gamba la jino, chembe zilizolijenga hutoweka jino linapokwisha kuota. Likimeguka leo, limemeguka mpaka kufa.

Kwa hivyo mtu aliyemeguka jino asikubali kuambiwa upesi, "Tulisawazishe kwa tupa," wala, "Tuling'oe tuondoshe udhia." Kukwaruza kidogo ukingo unaokata ulimi ni kazi ya daktari, na huwa hakuna dhara. Lakini kulichonga jino zima ili lilingane na lililovunjika ni kuongeza hasara juu ya hasara. Siku hizi dawa iko katika kuongeza, si katika kupunguza.

Elimu hii ya kuongeza haina umri mkubwa. Mwaka 1955, daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alieleza kwamba gamba la jino likipakwa asidi ya fosfori kwa muda mfupi, kisha likaoshwa na kukaushwa, uso wake hupata mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na resini ikitiwa juu yake huingia humo na kushika. Kisha Rafael Bowen, naye wa Marekani, akatengeneza resini iliyochanganywa na unga laini wa madini, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1962. Mchanganyiko huo ndio asili ya viraka vyeupe vya leo. Daktari huchagua rangi inayofanana na jino, hukitia kiraka tabaka baada ya tabaka, hukikausha kwa mwanga wa samawati, kisha hukisugua mpaka king'ae. Mara nyingi kazi humalizika kwa kikao kimoja, na pengine hata ganzi haihitajiwi.

Lakini kiraka ni kiraka. Si kigumu kama gamba la asili, na huvaa rangi ya kahawa, ya chai nyeusi, ya tumbaku na ya tambuu. Huishi miaka kadhaa, pengine kumi, kisha huhitaji kutazamwa. Mwenye kiraka aache kufungua chupa kwa meno, kumenya muwa kwa meno ya mbele, kuvunja mifupa na barafu, na kutafuna kucha. Anayesaga meno usingizini amwambie daktari, kwani iko kinga maalumu ya kuvaliwa usiku.

Je, kiraka chenyewe kikimeguka? Wengi hudhani kwamba lazima king'olewe chote. Sivyo. Kipande kilichotoka kikiwa kidogo, hutosha kusuguliwa. Kikiwa kikubwa kidogo, daktari huukwaruza uso wa kiraka cha zamani, husafisha, hupaka dawa ya kushikisha, na huongeza resini mpya juu ya ya zamani. Lakini akiona chini yake pameoza, au kiraka kimeachana na jino, hapo hukitoa chote na kuanza upya. Ndiyo sababu hatusemi, "Hakiumi, basi na kingoje." Uozo hupita katika ufa bila ya kupiga hodi, na ukifika kwenye kiini, kazi ya kikao kimoja huwa matibabu ya mizizi, au huwa kung'oa.

Sasa tuchukue msafiri aliyeshuka Kambu, akauma muhindi wa kuchoma, na jino la mbele likameguka. Afanye nini? Kwanza, asukutue kwa maji safi ya uvuguvugu. Pili, akikiona kipande, asikitupe. Akitie ndani ya maziwa au maji safi akichukue, kwa kuwa mara nyingine daktari huweza kukigandisha mahali pake. Tatu, asitie gundi ya dukani hata kidogo, kwani haikufanywa kwa kinywa, na huunguza ufizi. Nne, jino likiuma sana, au pakionekana doa jekundu katikati ya palipovunjika, ajue kiini kimefunuliwa, wala asingoje kufika mwisho wa safari. Amtafute daktari wa meno aliye karibu siku hiyohiyo.

Na jino la mtu mzima, au jino la pili la mtoto, likitoka zima kwa ajali, lishikwe kwa upande wa kichwa chake, lisiguswe mzizi wala lisisuguliwe. Likiwa na uchafu lioshwe kidogo kwa maziwa au maji safi, lirudishwe tunduni mwake, na mtu aume kitambaa safi. Asipoweza, litiwe katika maziwa. Lililo bora ni kufika kwa daktari kabla ya saa moja kupita. Amma jino la utotoni halirudishwi, lisije likaliharibu linaloota chini yake.

Limebaki suali ambalo huulizwa sana: je, kutengeneza jino si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Imepokewa katika Hadithi sahihi kulaumiwa wanaojifungua mianya ya meno kwa ajili ya uzuri, na wanavyuoni, miongoni mwao Imamu Nawawi, wameeleza kwamba makatazo ni kwa mwenye kutafuta uzuri, si kwa mwenye haja ya tiba au aibu katika jino. Na imepokewa kwamba Sahaba Arfaja alikatika pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, akaweka pua ya fedha ikamnukia, na Mtume s.a.w. akamwamuru aweke ya dhahabu. Basi tafauti ni dhahiri. Kulichonga jino zima ni kuharibu kilichokamilika, na kulijenga lililovunjika ni kurudisha kilichopotea. Wala kiraka hakizuii udhu wala josho, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi kusukutua ni sunna, si fardhi.

Ndugu zangu, fundi wa zamani alihitaji muda mchache kuondoa kile ambacho maisha mazima hayakuweza kukirudisha. Tusifanye kazi yake kwa uzembe wetu. Mwenye jino lililomeguka na aende wiki hii, kabla halijaanza kuuma.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini mfupa huunga na gamba la jino haliungi?
2. Ni lini kiraka huongezwa juu yake, na ni lini hutolewa chote?
3. Eleza tafauti baina ya kuchonga mwanya na kujenga jino lililovunjika.