Dada, gari nimelinyanyua, nguvu imekwenda wapi?

Mdogo wangu wa Mafinga, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, unisamehe. Unasema una Hilux Vigo, injini ya 2.5 dizeli, gia za mkono. Umelinyanyua inchi 2 lipite njia za kwenye misindano wakati wa masika, ukatoa matairi ya 265/70R16 ukafunga 285/75R16 yenye meno, na sasa gari "linapendeza kama simba, linatembea kama ng'ombe mwenye mimba". Fundi wa kwanza kasema tabo imekufa. Wa pili kasema nozeli. Kijana mmoja wa mtandaoni anataka kukuuzia kifaa cha kuchomeka kwenye pedeli ya mafuta. Unaniuliza uanze na yupi.

Usianze na yeyote. Hela iache mfukoni kwanza.

Nimecheka kwa sababu nililipitia hilohilo. La kwangu nililinyanyua enzi zile nilipokuwa na pesa kuliko akili. Safari ya kwanza kwenda Dar es Salaam niliteremka Kitonga kwa madaha, maana kuteremka Kitonga hata toroli linaweza. Kurudi ndiko kulikonitoa jasho. Gia ya tatu niliyozoea kupandia pale ikagoma, nikashusha ya pili, injini ikalia kama mashine ya kusaga, na njia ilipofunguka Coaster iliyojaa abiria ikanipita taratibu, kondakta akanipungia mkono dirishani. Mkono ule naukumbuka mpaka leo. Gereji nilikolipeleka wakaniambia tabo. Nikabadilisha tabo. Gari likabaki vilevile. Ile ya zamani bado ninayo stoo, nzima kabisa, watoto wanaichezea.

Sasa sikiliza. Kunyanyua gari hakupunguzi nguvu ya injini. Springi na shokapu hazina habari na injini. Kilichokuponza ni ulichofunga baada ya kunyanyua, yaani matairi.

Chukua kalamu. Tairi lako la zamani lina kimo cha milimita 777 kutoka chini hadi juu. Hili jipya lina 834. Likizunguka mara moja, la zamani lilikuwa linasogeza gari mita 2.44, na jipya linalisogeza mita 2.62. Utasema si ni faida, gari linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko uleule? Ndiyo, ila injini ndiyo inayolipa. Ni kama mtu aliyezoea kupanda ngazi moja moja, leo unamlazimisha kila hatua avuke ngazi moja na kipande, na mgongoni ana gunia. Gia zako zote, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, zimekuwa ndefu kwa asilimia 7 bila mtu kugusa gia boksi. Mwendo uliokuwa unaupata injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, sasa unaupata ikiwa chini kidogo ya 1,700. Kwa dizeli yenye tabo, hapo ndipo penye tofauti ya tabo kuamka na tabo kusinzia. Ndiyo maana unakanyaga mafuta, gari linafikiri kwanza, kisha ndipo linachomoka.

Halafu kuna uzito. Hili usilichukulie kwa maneno yangu, lipime. Tulibeba tairi langu jipya na rimu yake tukalipeleka kwenye mizani ya mwenye duka la mahindi, kisha la zamani. Mwenye duka alidhani nimechanganyikiwa. Jipya lilizidi kilo 9. Zidisha kwa manne, na usisahau spea. Kilo za kwenye tairi si sawa na kilo za kwenye bodi, maana injini inazisukuma mbele na papo hapo inazizungusha. Mfuko wa saruji nyuma ya pikapu ni mzigo mara moja. Chuma na mpira vinavyozunguka ni mzigo zaidi ya mara moja, kila unapoondoka kwenye taa, kwenye tuta, kwenye kituo cha ukaguzi. Na ninyi watu wa kunyanyua magari nawafahamu: hamfungi matairi peke yake. Bampa la chuma lipo? Winchi? Keria ya juu yenye taa sita? Hujanitajia, lakini nahisi.

Basi kabla ya tabo, kabla ya nozeli, fanya jaribio moja tu. Azima au rudisha matairi yako ya zamani, nadhani bado yako nyuma ya nyumba. Funga yote manne, upepo sawa, pandisha Ipogolo kuingia Iringa mjini na mzigo uleule unaobeba siku zote. Kesho yake rudia na matairi mapya, saa ileile. Andika kwenye karatasi umepanda na gia gani na mshale wa mizunguko ulikuwa wapi. Nguvu ikirudi na matairi ya zamani, ugonjwa umeujua, na hakuna fundi wa kukutisha tena.

Isiporudi, bado usikimbilie tabo. Kwanza tazama breki. Hilux inaponyanyuliwa nyuma, ekseli inasogea mbali na bodi, na waya wa hendibreki haurefuki wenyewe. Fundi mvivu asipouachia kidogo, unakaza, viatu vya breki vinakuwa vinagusa ngoma muda wote, nawe unaendesha ukiwa umefunga hendibreki nusu. Endesha kilomita kama tano bila kutumia breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Karibu, nimesema, usishike, utaungua. Magurudumu ya nyuma yakiwa ya moto kuliko ya mbele, mwizi wa nguvu umempata. Njia nyingine: mahali tambarare, gia huru, watu wawili wasukume. Gari zima huondoka. Linalokaba huwatoa watu jasho.

Nikiwa hapohapo kwenye breki, kuna jambo halihusu nguvu lakini silali nikilinyamazia. Juu ya ekseli ya nyuma ya Hilux nyingi kuna valvu ndogo yenye fimbo, kazi yake kupima kama gari lina mzigo. Mgongo wa gari ukishuka kwa mzigo, valvu inaruhusu breki za nyuma zikamate zaidi. Ukiunyanyua mgongo inchi 2, valvu inadanganyika: hata ukijaza miche na mbolea, yenyewe inaona gari tupu, na breki za nyuma zinapungua. Mwambie fundi airekebishe ile fimbo au mabano yake. Akikushangaa, badilisha fundi. Mipira ya breki nayo, gurudumu likining'inia kwenye jeki, isiwe imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Alaimenti umefanya? Kunyanyua mbele kunageuza pembe za magurudumu, na matairi yanayotazamana vibaya yanaburuzwa badala ya kuviringika. Utaona meno yanalika upande mmoja. Gari likitetemeka unapoondoka na gia ya kwanza, hiyo ni pembe ya propela imebadilika, na hapo si suala la nguvu.

Na filta ya hewa na ya dizeli badilisha tu, ni rahisi, hata kama hazina kosa. Mpira unaotoka kwenye tabo kwenda intakula uupapase chini. Ukiwa na ufa utaona mafuta yaliyochanganyika na vumbi, na injini ikiwa kwenye kazi utasikia mluzi. Taa ya injini ikiwa imewaka, hilo ni jambo jingine kabisa, liende likapimwe kwa mashine. Lakini gari lililokuwa linavuta vizuri Ijumaa, likafungwa matairi Jumamosi, likachoka Jumapili, tabo yake haikufa kwa bahati mbaya Jumamosi usiku.

Kifaa cha pedeli, mdogo wangu, ni kiini macho. Kinachofanya ni kuidanganya kompyuta kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Ukikanyaga nusu, chenyewe kinasema robo tatu. Utahisi gari limechangamka, utamsimulia shemeji yako, kisha ukifika mlimani ukakanyaga mpaka chini utakuta nguvu ni ileile. Mguu wako unaweza kufanya kazi hiyo bure.

Umelalamika pia kwamba mafuta yamepanda, zamani kilomita 10 kwa lita, sasa 9. Kiasi ni kweli, kiasi ni hesabu. Saa yako ya kilomita bado inahesabu kwa tairi la zamani. Inaposema 9, umetembea karibu 9.7. Spidomita nayo inapunguza. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, lakini huenda umeshaila akiba hiyo yote kwa tairi kubwa: bila akiba hiyo, inaposema 50, hesabu inaelekea 54. Trafiki mwenye tochi hatasikiliza habari za kimo cha tairi, atakuandikia faini yako na kukutakia safari njema. Washa ramani ya simu, mwambie uliyekaa naye asome mwendo wa setilaiti, wewe usome wa kwenye dashibodi, mlinganishe.

Tiba ya kweli iko kwenye difu, na hapa ndipo pesa inapotoka. Ukirefusha gia kwa tairi, unazifupisha kwa kubadilisha meno ya difu. Kwanza ujue una difu gani. Kwenye kile kibati cha utambulisho wa gari kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, herufi zake ndizo zinazotaja difu yako, na muuza spea anayejua kazi atazisoma. Usipomwamini, hesabu mwenyewe. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma yote mawili juu ya stendi imara, gia huru, hendibreki chini. Piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye matairi. Wewe na mwenzio mzungushe matairi yote mawili kwa pamoja, mzunguko mmoja kamili, mtoto ahesabu propela. Ikizunguka mara nne kasoro kidogo, unayo 3.909. Ikipita nne kidogo, ni 4.1. Ikiwa ya kwako ni 3.909, ili urudi ulikotoka unahitaji kama 4.19. Hiyo namba hutaikuta sokoni, ila 4.1 na 4.3 zipo kwenye familia hiyo ya Hilux, na kwa anayebeba mzigo milimani ningechukua 4.3.

Lakini ukisahau yote, hili likumbuke: gari lako lina difu mbili. Ukibadilisha ya nyuma ukaiacha ya mbele, siku utakayoweka gia ya magurudumu manne kwenye ardhi kavu, magurudumu ya mbele yatataka kwenda mwendo wake na ya nyuma wake, na kitakachovunjika ni gia boksi ndogo inayogawa nguvu. Nimeona hivyo vipande kwenye sinia la fundi, vimepangwa kama meno ya marehemu. Difu mbili zenye namba moja, au uache kabisa.

Ukiniuliza mimi, dada yako, usifike huko. Wewe si mtu wa mashindano, wewe unabeba miche. Ulitaka gari lipite juu ya makorongo, sivyo? Zile inchi 2 za springi zimenyanyua bodi, lakini difu ya nyuma imekaa kwenye ekseli palepale ilipokuwa. Lililoinyanyua ni tairi, tena kwa nusu ya tofauti ya kimo: milimita 28. Tairi la 265/75R16 lina kimo cha milimita 804, litakupa milimita 13 za difu na kula asilimia 3 tu ya nguvu badala ya 7. Springi zako ziache, ni nzuri. Meno tafuta yaleyale ya tope. Hayo 285 wauzie vijana, yana soko, wapo wengi wenye pesa kuliko akili.

Na mpaka utakapoyauza, shusha gia mapema. Usingoje injini igonge ndipo ukumbuke, na usikalie klachi kwenye mwinuko, itanukia kabla hujafika juu.

Jumamosi panda Ipogolo kama nilivyokueleza, uniandikie ulipanda na gia ya ngapi. Na kile kifaa cha pedeli, kama ulishalipia, usiniambie.